Barua ya Tatu ya Nyangeta

Jumamosi, Kamunyonge. Mvua imepiga tangu alfajiri, mabati yamelia mpaka nikazima redio. Goti la kushoto lilishanitabiria jana, lakini siku hizi goti langu nalo halisikilizwi na mtu. Nina furaha na nina kinyongo, vyote kwa pamoja, kama mtu aliyekula sato mtamu akakwamwa na mwiba.

Mjukuu wangu Nyangeta alikuja asubuhi kutoka Bunda, anakofanya kazi ofisi moja ya mambo ya samaki. Amebeba jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo namwita mama, na cheo hicho amekichukua chote. Ananikagua kucha. Ananigombeza nisipomeza dawa. Ndiye aliyenifungulia hii blogu, nadhani ili nipate pa kusemea, simu yake ipumzike.

Anataka kwenda kusoma masters ng'ambo. Chuo kinataka barua tatu za watu wanaomfahamu. Mbili zimeshatumwa. Ya tatu mwisho wake Jumatatu, na bila hiyo fomu nzima ni karatasi ya kufungia maandazi.

Kwa barua hiyo ya tatu alikuwa amempata mkubwa mmoja, profesa mwenye vyeo virefu kuliko jina lake, aliyemfundisha muhula mmoja, yeye na ukumbi mzima wa wenzake. Mkubwa alikubali haraka sana. Akamwambia, andika mwenyewe, lete nisaini.

Basi mama yangu akakaa mezani kwangu, anajisifu kwa jina la mtu mwingine. Akanitafsiria nipime uzito: mwombaji ni mchapakazi, mwadilifu, mwenye nidhamu ya hali ya juu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

"Unacheka nini, babu?"

Nikamwambia naikumbuka barua yangu mimi. Ya kwangu ilikuwaga na miguu miwili, viatu vyeusi na tai.

Nilipomtaka bibi yake, msichana wa Butiama mwenye mwanya na dharau, ilibidi nipeleke msemaji kwao, ndiyo desturi. Mimi nimeishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Nikaona aibu kwenda na watu wetu wanaonuka zizi. Nikamchukua karani wa kinu cha pamba kule Bunda, nilikokuwa nabeba marobota. Hakunijua hata jina la pili. Njia nzima namfundisha la kusema.

Akasema vizuri, shetani yule. Mchapakazi, mwadilifu, pombe haijui. Baba mkwe akasikiliza, akachokonoa meno, akauliza swali moja tu: kijana huyu akikosea, huwa anafanyaje?

Karani akanigeukia mimi.

Uani kote watu wakaona amenigeukia. Tulilishwa vizuri, tukasindikizwa vizuri, jibu hatukupewa. Kwa watu wale, hilo ndilo jibu.

Nyumbani alikuwa amebaki mtu mmoja wa kunisemea, baba yangu mdogo, na yeye tulikuwa hatusalimiani tangu mavuno. Kisa, niliacha ng'ombe peke yao nikavuka maji kwenda kucheza ngoma Rukuba, wakaingia shambani kwake. Kumwomba huyo akanisemee ukweni ilikuwa sawa na kumkabidhi fimbo mtu uliyemchokoza. Nilizunguka boma lake siku mbili kabla ya kupiga hodi.

Akaja Butiama na kanzu kuukuu, hakuniuliza aseme nini. Swali lilipoulizwa lile lile, akajibu papo hapo:

"Kijana huyu ni mwongo. Ng'ombe wake walikula mtama wangu, nikamuuliza, akakana mchana kweupe. Kesho yake nikamkuta shambani kwangu analima kile kipande upya. Alilima siku nne, hakusema neno, na msamaha hajaniomba mpaka leo. Mdomo wake msiuchukue. Mikono yake ichukueni."

Baba mkwe alicheka mpaka akaomba togwa. Mke nikapewa.

Na bibi hakuyasahau maneno yale. Ndoa nzima, kila nikiahidi kitu, ananiambia mdomo haukuwamo kwenye makubaliano.

Ni masika ya tatu sasa hajaniambia.

Nyangeta alikuwa ameacha kuandika. Nikamuuliza, kati ya walimu wako wote, ni nani unamwogopa? Akanitajia mama mmoja aliyesimamia utafiti wake wa dagaa. Walikosana. Yule mwalimu alimwambia hesabu zake za dagaa ni za kupikwa, na yeye akamjibu mbele ya wenzake.

"Ataandika kwamba nilimjibu vibaya, babu."

"Si ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Halafu ukafanyaje?"

Kumbe alirudi Mwigobero, mwaloni hapa kwetu, miezi miwili, akakaa na akina mama wanaoanika, akapima dagaa upya ndoo kwa ndoo. Mimi nilikuwa nadhani anakuja kunisalimia. Nikamuuliza kama mwalimu anajua. Anajua, ndiye aliyezipitia zile hesabu mpya. Basi mama, nikasema, huyo hatakugeukia akiulizwa.

Akapiga simu amesimama. Nikatoka kwenda kuangalia kuku, ila sikio nililiacha mlangoni. Haikuchukua muda. Akaja barazani, macho mekundu.

"Amekubali. Amesema ataandika yote."

"Hata mimi niliandikiwa yote," nikamwambia, "na wewe ndiyo matokeo yake."

Barua inakwenda moja kwa moja chuoni, hataiona. Kwa hiyo tunangoja, yeye Bunda na mimi hapa, na kama ikimharibia itakuwa ni mkono wa babu.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia.

Alipokuwa ananisomea zile sifa zake za kukopa, nilijua wazi haziendi popote. Ningeweza kunyamaza. Ningesema nzuri sana mama, peleka. Angekosa, angelia wiki, angebaki Bunda, na mimi ningeendelea kukaguliwa kucha. Mawazo hayo nilikuwa nayo, na yalinikalia muda wote wa kikombe cha chai. Si wema ulionifanya nisinyamaze, msinisifie. Kilichonifungua ni kicheko tu. Kilitoka kabla sijakizuia.

Ameondoka saa kumi, kaniachia samaki wa kukaanga na mifuniko miwili juu kana kwamba mimi ndiye paka.

Nakaa hapa naomba apate. Naomba kwa sauti, ili nisikie mwenyewe kama namaanisha. Na akipata kweli, nitamtania nani?