Mkono wa Baba Yako Ulivyoanza

Báguanos, Holguín,
9 Machi 2019.

Mpendwa mwanangu Yaimara,

Hujambo mama? Na huyo mkwe wangu Fabricio hajambo? Upepo wa huko Montevideo umekuzoea, au bado mnagombana? Sisi huku wazima, isipokuwa nguruwe, hataki kula tangu Jumapili. Baba yako anakula kwa niaba yake.

Nivumilie kwa mwandiko, unajua niliishia darasa la sita. Ningekupigia simu, lakini juzi ulipouliza lile swali lako laini ikakatika, na tangu hapo najiuliza kama ilikatika yenyewe au ni wewe uliyekata. Jirani yetu Migdalia anapanda ndege Alhamisi kuja huko kwa mwanawe, ndiye atakayekukabidhi barua hii.

Uliuliza, “Mama, mkono wa baba ulianzaje?” Nakujibu. Halafu na mimi nina langu.

Ulianza pale kwenye kibanda chake cha kunyolea, wewe ukiwa na miaka minane. Mimi sikuona, aliona Robustiano, aliyekuwa kitini na povu shavuni. Anasema mkono ulikuwa umetulia tu, umenoa wembe, umekoroga sabuni, hakuna neno. Ila wembe ulipokaribia shingo ndipo ukaanza kucheza, na kadiri ulivyokaribia ndivyo ulivyozidi. Robustiano akajishika koo. “We Eleuterio, hiyo ramu ya asubuhi, au mke wangu amekulipa?” Kibanda kizima kikacheka, na baba yako akacheka nao. Jioni akaufunga ule wembe kwenye kitambaa akauweka juu ya kabati, na hajaushika tena mpaka leo.

Nami nikamgombeza kwa ramu wiki mbili nzima, Mungu anisamehe. Nilinusa mashati, nikatafuta chupa mpaka ndani ya pipa la mchele. Na mimi ndiye niliyepaswa kujua! Maana nilipoolewa kwao nilikuta kahawa inamiminwa nusu kikombe, nikadhani bibi yako Domitila mchoyo. Siku moja wageni wamejaa, nikajitia ukarimu, nikakijaza cha babu yako mpaka ukingoni. Akakitazama, akanitazama. “Mkamwana, kama nanuka ungeniambia tu, si kuniogesha.” Ndipo nilipoelewa kwamba nusu ile ni desturi ya watu wenye mkono huo, babu yako akiwa mmoja wao. Huku kwetu ukipewa nusu kikombe kwenye nyumba ya mtu, unakunywa na huulizi.

Basi tangu hapo nimekuwa mtazamaji. Mkono wa baba yako ukiwa mapajani umelala kama paka. Si kama wa mzee Tiburcio wa ng’ambo ya barabara, unaotetemeka akiwa ameketi tu na kutulia akishika kitu, huo ni ugonjwa mwingine. Wa baba yako hauna shida mpaka uwe na shabaha. Akipunga kuaga watu, sawa. Akitaka kubonyeza kitufe cha redio, balaa.

Nilimuuliza daktari, yule dada mwembamba anayemwambia baba yako aguse kidole chake kisha aguse pua yake mwenyewe: inakuwaje mkono ujue kwamba umekaribia? Akafurahi, akaniambia nimeuliza vizuri. Kumbe kisogoni kuna ubongo mdogo, kazi yake ni kuuambia mkono punguza, punguza, hapo hapo, simama. Wa baba yako umechoka, unasema kwa kuchelewa, basi mkono unapita, unarudi, unapita tena. Nilifika nyumbani nikachota chumvi polepole, nikiutazama mkono wangu unavyosimama wenyewe juu ya chungu. Miaka hamsini na minane nachota chumvi, sikujua kama kusimama nako ni kazi.

Baba yako mwenyewe anasema mkono wake una haya, unakitamani kikombe kwa mbali lakini ukikikaribia unatetemeka kama kijana anayeomba dansi.

Kaka yako Osniel alipimwa damu Januari, wakamwambia hana ugonjwa wa baba. Akalia kuliko ambavyo angelia kama angekuwa nao, na nadhani alikulilia wewe. Daktari alisema kila mtoto ni nusu kwa nusu, kuurithi au kuukosa, na kunusurika kwa mmoja hakumwongezei wala kumpunguzia mwenzake.

Sasa langu. Kwenye ile picha ya siku ya kuzaliwa kwa Fabricio niliona kikombe chako. Kilikuwa nusu. Nimeitazama picha ile mpaka Osniel akaninyang’anya simu: “Mama, kikombe kimekukosea nini?” Labda ulikuwa umeshakunywa. Labda ni mazoea tu ya nyumbani. Sijui, mwanangu, ndiyo maana nauliza. Kwa nini uliuliza mkono wa baba ulianzaje?

Usijipime peke yako jikoni kwa uzi na sindano. Baba yako alifanya hivyo mwaka mzima akinificha, na ule mwaka ulimzeesha kuliko ugonjwa. Kama ni kupimwa, njoo nyumbani tukae pamoja kwenye lile benchi la hospitali. Kama hutaki kujua, njoo vilevile.

Na usinijibu kwa simu. Herufi za simu zimenyooka kwa kila mtu. Chukua kalamu, uniandikie kwa mkono wako, Migdalia ataniletea akirudi.

Msalimie sana Fabricio na mama yake. Osniel anakusalimu, shangazi yako Leocadia naye, na anauliza kama huko kuna mihogo. Bikira Maria wa Cobre akufunike kwa joho lake, mikono na miguu yote.

Ni mimi mama yako, nisiyechoka kukupenda,
Eduviges

Tena: jina hilo hapo chini ameliandika baba yako mwenyewe. Lilichukua muda wa chungu cha maharage kuiva, na karatasi mbili zilichanika. Nilitaka kumshikia mkono akakataa. Amesema, “Mwambie aandike hata kama mistari itapanda milima. Katika nyumba hii tunajua kuisoma.”

Eleuterio