Vigingi vya Utepe Mwekundu

Kwa kaka yangu Heladio,

Salamu zikufikie huko kwenye mashamba ya stroberi, wewe, shemeji na watoto. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma. Mama mdogo Tomasa ameniambia umeapa kurudi Oaxaca umuue mtu yeyote wa Peñas Negras, hao majirani zetu wa ng'ambo ya kilima, kulipiza damu ya baba. Kabla hujapanda basi, nisome mpaka mwisho.

Wale wanafunzi wa chuo waliokuja kutuvutia maji usiwalaani. Walikuja kwa moyo safi. Kiongozi wao, Renata, alilala kwetu, akala maharage yetu bila kununa. Tulikubaliana wao walete mabomba na vipimo, sisi kijiji kizima tuchimbe kwa msaragambo. Walipopima njia ya maji kutoka kwenye chemchemi, walichomeka vigingi vyenye utepe mwekundu hadi ng'ambo ya kilima. Kwao ilikuwa alama ya mtaro tu. Sisi unatujua: kigingi juu ya kilima kile ni mpaka. Baba alisema twende kwanza tukaongee na majirani. Mwenyekiti Crisóforo akamcheka barazani: "Fulgencio, nawe kwa woga! Watoto wa watu wametuongezea ardhi bure, wewe unalia?" Baraza zima likaangua kicheko. Hapo ndipo tulipojiponza.

Watu wa Peñas Negras walitujia asubuhi tukiwa tunachimba, na mapanga, mawe na bunduki moja ya kuwindia. Renata alikwenda mbele akipaza sauti kwamba ni mabomba tu, ni mabomba tu. Jiwe likamvunja taya. Nicandro, jirani yetu, nilimwona mkono ukining'inia kwa ngozi. Na baba, kaka, baba alikuwa ameinama anang'oa vigingi ili waone kwamba hatutaki ardhi yao. Risasi ikampata tumboni. Aliyefyatua akakimbia.

Mmoja wao hakukimbia. Anaitwa Abundio. Alikuwa amevua shati, analikandamiza kwenye jeraha la baba, na watu wetu walimkamata akiwa amepiga magoti kwenye damu. Baba alikuwa ameshakata roho. Abundio walimburuta, wakamfunga kwenye nguzo ya uwanja wa mpira wa kikapu, wakampiga mpaka jicho likafumba, kisha wakammwagia petroli. Kengele ya kanisa ikalia watu waje. Shangazi Eulalia alikuwa akirukaruka mbele yake: "Si ulikuja kututembelea, mgeni? Karibu uote moto!" Crisóforo akanikabidhi kiberiti mbele ya wote, akasema mwenye maiti ndiye mwenye neno.

Nilitaka kuwasha. Sikufichi, mkono uliniwasha kwa hamu. Nikamuuliza kwanza baba alisema nini mwishoni. Akanijibu kwamba baba alimsihi amalizie kung'oa vigingi vilivyobaki. Kaka, nani angeweza kutunga neno hilo isipokuwa baba mwenyewe? Nilichomoa panga kiunoni mwa Crisóforo, nikakata kamba. Walinitemea mate, wakaniita malaya, mawe yakanipata mgongoni. Tukapanda kilima wawili sisi, na kila kigingi tulichokikuta tuliking'oa.

Sasa lile ambalo mama mdogo hakuthubutu kukuambia. Usinitafute nyumbani, watu wetu wameichoma nyumba. Naishi Peñas Negras, kwa mama yake Abundio, nyumba ya kwanza ukishuka kilima. Ananiita mwanangu. Aliyempiga baba risasi ni mjomba wa Abundio, anakaa nyumba ya pili. Kila nikimwona nyongo inanipanda. Sijamsamehe wala sijui kama nitamsamehe. Lakini maiti wengine siwataki, wa kwao wala wa kwetu.

Umeapa kumuua mtu yeyote wa Peñas Negras. Basi ukija, piga hodi nyumba ya kwanza. Atakayekufungulia ni mimi.

Wabusu wanao kwa niaba yangu, na Mungu akulinde huko uliko.

Dada yako akupendaye,
Zenaida wa Peñas Negras