Uvimbe na Buti Namba Nane

Jumanne, 1 Agosti 1995

Nimefungua robota jipya la mitumba sokoni Mkuyuni. Suruali tupu za wanaume, na chini kabisa mashati mawili yaliyopotea njia. Watu wakanizunguka kama kawaida. Nikawapigia ile hadithi ya viboko niliowafukuza Igogo kwa kikohozi tu. Mwaka jana kiboko alikuwa mmoja, mwaka huu wamefika watatu. Hakuna aliyehoji. Wamecheka, wamenunua.

Jioni naoga. Mkono umegusa kitu. Mguu wa kulia, juu ya paja, pale kwenye kinena. Uvimbe. Ukubwa wa kokwa la zambarau. Ukiubonyeza unauma, unateleza, unarudi.

Jana haukuwepo. Au ulikuwepo, ukajificha.

Jumatano, 2 Agosti

Asubuhi upo. Mchana upo. Nimeukagua chooni sokoni mara sita, mpaka mama anayeuza chai ameniuliza, "Mjomba, tumbo limekugeuka?" Kwa nini aulize? Tangu lini anahesabu safari zangu?

Nimewaza mtoki. Lakini mtoki hauji bila kidonda. Bibi yangu alikuwa akiona mtu ana mtoki, kwanza anamwinua mguu kama anakagua kwato za ng'ombe. Mimi sina kidonda. Buti zinabana kidole gumba, basi. Ngozi halisi lazima ikufundishe kutembea.

Buti zenyewe ni namba nane. Kwa kawaida navaa kumi. Lakini siku nilipozitoa kwenye robota, Masalu wa meza ya jirani alisema mbele ya wateja, "Mjomba Nkwabi, mguu huo ni mtumbwi. Humo hauingii." Uliingia. Nikaapa hapohapo kwamba nitazivaa kila siku mpaka zichakae. Hii ni wiki ya tatu. Mwanamume havunji kiapo chake.

Ninayoishuku ni suruali. Ile ya kodrai ya kahawia niliyojichagulia mwezi uliopita. Kafa Ulaya hiyo, nguo ya marehemu. Nani anajua Mzungu mwenyewe alikufa kwa ugonjwa gani? Mfuko wake wa kulia unakaa palepale penye uvimbe. Palepale!

Ijumaa, 4 Agosti

Nimeichoma suruali nyuma ya nyumba.

Mke wangu akatoka jikoni. "Baba Kulwa, suruali nzima hiyo. Unachoma nini hasa?"

Nikasema kunguni.

"Kunguni wa suruali moja?"

Akaokota kijiti, akageuza majivu. Alikuwa anatafuta mahali palipokuwa na mfuko. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, Mama Kulwa hajawahi kunigeuzia majivu. Anajua kitu. Au kuna mtu anamlisha maneno.

Uvimbe haukuungua na suruali. Umeongezeka.

Jumapili, 6 Agosti

Kanisani nimekaa nyuma. Kupiga magoti kunauma.

Mchana Masalu kaja nyumbani bila kuitwa. Alikuwa mnadani Magu jana. Kala ugali wetu, kanawa, halafu kasema kama mtu anayezungumzia mvua: "Mjomba, unamkumbuka yule mama wa wali pale mnadani? Amerudishwa kwao. Amekwisha. Yamebaki macho."

Kasema mbele ya Mama Kulwa. Mama Kulwa aliendelea kukusanya sahani. Polepole mno.

Kwa nini anieleze mimi? Magu nzima ina watu, habari ikaja kuteremshwa kwangu.

Daftari hili hasomi mtu, basi niandike. Ni kweli, yule mama nililala naye. Msimu wa pamba wa mwaka juzi. Mara tatu. Nilimwambia niliwahi kula sahani moja na mamba, akacheka mpaka akashika meza. Nyumbani hadithi zangu wamezichoka. Ndiyo sababu yenyewe, haina nyingine, na ni sababu ya kijinga.

Ugonjwa huu wa kukonda wanasema huanza na tezi. Kwapa, shingo, kinena.

Kinena.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimepima mkanda. Upo kwenye tundu lilelile. Nimepima tena mara nne. Labda mkanda umelegea.

Sokoni sikupiga hadithi hata moja. Masalu kapaza sauti: "Leo mjomba kameza kufuli!" Wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama miguu. Nilipomkazia macho akajifanya anakunja mashati.

Nikaondoka mapema, nikashuka Igogo kwa mtaalamu mmoja wa dawa. Hata sijakaa, kasema, "Aliyekuroga ni mtu wa meza ya jirani." Masalu! Nilitaka sana awe Masalu. Akiwa Masalu, basi si Magu. Nimepanda nusu ya kilima nina furaha. Halafu nikajiuliza, mtaalamu kajuaje kama nina meza? Nikajitazama. Mkononi nilikuwa na henga tatu za nguo, nimesahau kuziacha sokoni.

Mimi niliyemeza mwiba wa sangara nikautoa kwa jasho, naibiwa akili kwa henga.

Jumatano, 9 Agosti

Homa tangu jana. Natembea kama bata. Nasema ni mgongo.

Mama Kulwa kasema niende hospitali. Hakuuliza naumwa nini. Kasema tu niende, na hakunitazama.

Siwezi. Pale hospitali muuguzi ni Nyamizi, mtoto wa dada yangu. Mjomba hashushi suruali mbele ya mpwa wake, hiyo ni aibu hata kwa mizimu. Halafu mdomo wake! Kabla sijafunga mkanda ukoo mzima utakuwa umepata habari.

Jioni Mama Kulwa kakohoa. Mara mbili. Ni moshi wa kuni, nimeuona kwa macho yangu. Lakini nimekaa kwenye kigoda kungoja kama atakohoa tena. Siku zote hizi nimewashuku watu wote waliopo chini ya jua, na marehemu Mzungu juu yake. Sikumfikiria yeye. Kama nimekuja nao ugonjwa huo kutoka Magu, nimemletea ndani. Hakwenda mnadani yeye. Alikuwa hapa anapika.

Kesho naenda.

Alhamisi, 10 Agosti

Benchi refu. Kila aliyekohoa nilisogea mbali naye.

Nyamizi akaniona. "Shikamoo mjomba. Umefuata nini huku?"

"Marahaba. Nimemsindikiza rafiki."

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Akanitazama, akanishika mkono kama mtoto, akaniingiza kwa daktari. Yeye akatoka na mlango akafunga. Ana adabu. Nilimfikiria vibaya.

Daktari ni kijana, hana hata ndevu. Akaushika uvimbe, akauliza hili na lile, halafu akasema, "Mzee, vua viatu."

Nikamwambia ugonjwa uko juu. Akasema amesikia, nivue. Cha kushoto kikatoka. Cha kulia kikagoma. Ikabidi aitwe Nyamizi. Yeye kavuta buti, daktari kashikilia kiti, mimi nimeshikilia ukuta. Kilipotoka, harufu ikajaza chumba. Soksi imegandia. Kucha ya kidole gumba imezama kwenye nyama, usaha mtupu.

"Hii ina muda gani?"

"Juzi."

"Mzee."

"Wiki tatu."

Akasema huu unaonekana ni mtoki, sumu ya kidole imepanda juu. Ikabidi nikumbuke bibi. Angeniinua mguu siku ya kwanza tukamaliza. Daktari kanisafisha, kanichoma sindano, kanipa vidonge. Nitumbukize mguu kwenye maji ya moto ya chumvi, nirudi baada ya wiki mbili. Usipopungua wataupima zaidi. Nyamizi alicheka mpaka akachuchumaa.

Nikatoka nimebeba buti mkononi. Mpaka nafika getini hadithi ilishaiva: madaktari watatu na kamba ya kuvutia ng'ombe, buti la mjomba haling'oki! Masalu angekoma.

Getini nikasimama. Kidole kimejibu habari ya uvimbe. Habari ya Magu hakijaijibu.

Nimerudi ndani. Nikamwambia yule kijana nataka damu yangu ipimwe, na sababu nikamwambia. Hakucheka. Nyamizi ndiye aliyenifunga mpira mkononi. Yeye pia alikuwa ameacha kucheka.

"Mama Kulwa anajua?"

Nikasema bado.

Majibu Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumamosi, 12 Agosti

Uvimbe umepungua. Jana harage, leo kama punje ya mahindi.

Asubuhi, mguu ukiwa kwenye beseni, nimemwambia Mama Kulwa. Magu. Mara tatu. Sikuongeza, sikupunguza. Na damu niliyoacha hospitali.

Hakulia. Akanitoa mguu kwenye maji, akachukua beseni, akaenda kumwaga uani. Akakawia. Nilijua hatarudi. Nilikaa na mguu wangu uliolowa, naitazama sakafu.

Akarudi na maji mengine, ya moto zaidi. Akaliweka beseni chini kwa kishindo.

"Weka mguu."

Nikaweka. Yalichoma.

Baadaye sana, akiwa jikoni, akasema bila kutokeza kichwa: "Ijumaa tunakwenda wote. Na mimi nitapima."

Buti kazitoa nje, kaziweka kizingitini. Masalu kapita akaziona. Akauliza, "Vipi mjomba, zimechakaa tayari?" Nikamwambia hizo ni namba nane, mguu wangu ni kumi. Akangoja hadithi iendelee. Haikuendelea. Akakaa nami kidogo, akasema tangu Jumatatu aliona nachechemea, aliogopa kuniuliza.

Ijumaa nitavaa ndala.