Dawati la Mzee Njoroge

Mjukuu wangu Wambui,

Uko salama huko Lodwar? Hapa Kabazi mahindi yameota vizuri, na babako hatimaye amekubali kung'olewa jino.

Umeniuliza wazazi wasio na kitu wataisaidiaje shule unayofundisha.

Nikiwa darasa la saba tulikuwa tunaandikia sakafuni. Mwalimu mkuu akaomba kila boma lilete dawati. Mzee Njoroge, jirani yetu, hakuwa na mtoto shuleni wala pesa za mbao. Lakini alikuja amebeba dawati zito, pembe zake zimetafunwatafunwa. Alikuwa amebomoa hori la ng'ombe wake wa pekee.

Mama yangu akashtuka. "Sasa huyo ng'ombe atakula wapi?"

"Chini," Mzee akajibu. "Ng'ombe haandiki."

Nilipewa dawati hilo. Nilipopitisha kiganja juu yake, niligundua ulimi wa ng'ombe ulikuwa umelainisha ule ubao kushinda randa ya fundi. Hapo ndipo nilipofanyia mtihani wangu.

Kwa hivyo usiwakisie uwezo wazazi wa shule yako, mama. Waombe tu.

Mimi mpaka leo, nikipata ng'ombe anakula chini, husimama kidogo kabla ya kupita.

Shosho yako