Karai la Nyenje

Timbwani, 9 Mei 2023

Shangazi Mbeyu,

Shikamoo. Natumai wewe na binamu Kenga hamjambo. Huku kwetu si kwema. Tumeibiwa simu, ndiyo maana nampa jirani yangu Dorothy barua hii akuletee.

Jana alasiri nilikuwa nikikaanga wale nyenje wako ulionitumia, wateja wamejaa kibandani. Wakatokea vijana watatu na mapanga, nyuso wamezifunga vitambaa. "Toeni kila kitu!" Munga akajitia mbele yangu, mume wangu, hana hata kijiti mkononi. Mmoja wao, ambaye hakutoa sauti hata kidogo, alimkata begani, kisha shingoni. Nilisikia mfupa, Shangazi. Nikainua karai, nikammwagia yule bubu mafuta na nyenje wote usoni. Alipiga yowe, wakakimbia na simu zetu.

Munga yuko hospitali, hajafungua macho. Mwombee.

Mwanao,
Ruth

Mikindani, 12 Mei 2023

Mwanangu Ruth,

Marahaba. Pole, mwanangu, pole sana. Ulifanya vyema kummwagia; laiti angefia papo hapo! Munga ni wangu pia. Banda hili ninalofugia nyenje alilijenga yeye.

Ningekuja leo hii, ila na hapa pana mgonjwa. Kenga alirudi juzi ameungua uso. Anasema alifungua rejeta ya lori, maji ya moto yakamrukia. Amejifungia chumbani, hataki hata nimpake dawa. Sijui ukoo wetu umeingiwa na nini.

Shangazi yako,
Mbeyu

Timbwani, 15 Mei 2023

Shangazi,

Munga alifariki jana. Tunamzika Jumamosi.

Yule niliyemmwagia aliungua upande wa kushoto, sikio na shingo. Nenda kamtazame Kenga.

Ruth

Mikindani, 18 Mei 2023

Ruth,

Sijui nikusalimu vipi.

Nilivunja mlango wa Kenga kwa mtaimbo, nikamvua bendeji kwa nguvu. Nyuma ya sikio la kushoto, ndani ya kidonda, palikuwa na mguu wa nyenje umegandama.

"Ulimkata Munga kwa nini?"

"Alinitambua, mama. Alifungua mdomo kulitaja jina langu."

Nilimpiga mtaimbo gotini. Akanibamiza ukutani, meno yangu mawili yakatoka. Nikapiga kelele, nikawaambia majirani waite polisi. Walioingia mwanzo walitaka kumvisha tairi wamchome. Nikamlalia juu, mawe nikala mimi, mpaka polisi walipofika. Usinichukie kwa hilo. Mikono yangu ilikataa kumwachia.

Mazishini sitakuja. Sitaki watu wanitazame mimi siku ya Munga. Kortini nitakuja. Wakiniuliza mshtakiwa ni nani kwangu, nitajibu ni mwanangu, sina mwingine. Kisha nitasema alichofanya.

Mimi,
mamake Kenga