Wiki Kumi kwa Fundi Koili

Nyumbani kwa dada yako,
Chumba cha uani.
9 Novemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo? Mkaza mjomba na watoto hawajambo? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye kiti? Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye ni mzima, presha imetulia. Wiki iliyopita sauti ilimkauka kwa kuwapigia simu ndugu wote kwamba mwezi ujao nahitimu. Wiki hii amenyamaza, na sababu utaiona mbele.

Baada ya salamu, Mjomba, nina hasira nawe. Nimejaribu kutafuta maneno laini, sikuyapata. Nakuomba unisome mpaka mwisho.

Kifurushi chako kilifika Ijumaa. Nilikifungua sebuleni mbele ya mama, nikakuta daftari jipya la mafunzo kazini. Wiki zote kumi umezijaza kwa mkono wako, na kila wiki ina saini yako, namba yako ya usajili na muhuri wa kampuni yako. Mama akapiga vigelegele. Mimi nikasoma. Wiki ya tatu, eti nilisimamia ufungaji wa transfoma. Wiki ya saba, eti nilikagua nyaya za jengo la ghorofa tisa. Mjomba, ofisini kwako sijawahi kukanyaga hata kuomba maji ya kunywa!

Najua ni mama aliyekueleza habari, na huenda alikueleza nusunusu, kwa hiyo ngoja nikueleze mwenyewe. Shahada ya uhandisi wa umeme haitolewi kwa huruma, na vyote wanavyotaka nimevitimiza. Miaka minne darasani. Hesabu za kila aina, na ile ya mwaka wa pili nilianguka, nikarudia mtihani, unakumbuka nilivyolia kwenye simu. Saketi, elektroniki, mashine za umeme, maabara mpaka vidole vikaota sugu. Mradi wa mwisho nimeutetea mbele ya walimu watano, mmoja akisinzia, nikatoka na alama ya pili kwa ukubwa darasani. Kilibaki kitu kimoja tu: wiki kumi za mafunzo kazini, na daftari lililosainiwa kila wiki na mhandisi aliyesajiliwa.

Wiki hizo nilizifanya kwa Fundi Koili, kwenye karakana yake ya kusuka upya waya za mota. Nilikuwa nimepeleka maombi kwenye kampuni kumi na moja. Mbili zilijibu hapana, nyingine hazikujibu kabisa. Yeye alinipokea siku ileile, akanipa ovaroli na kigoda, akanisogezea mota ya pampu iliyoungua na kuniambia nihesabu mizunguko ya waya kabla sijakata chochote.

Nimesuka mota thelathini na moja kwa mikono yangu. Sheria ya pale unaijua: aliyesuka mota ndiye anayeandika jina lake kwenye kikaratasi na kukifunga kwenye mota hiyo, wala hapana ruhusa ya kuandika jina lako kwenye kazi ya mwenzako, hata kwa kusaidiana. Ikirudi imeungua, wa kuulizwa anajulikana. Zangu mbili zilirudi. Nilizisuka upya mwenye mashine ya kusaga akiwa amenisimamia, amekunja uso kana kwamba nimemwibia kuku.

Kwa hiyo Fundi Koili alipopewa daftari langu, alifanya alivyozoea. Kila palipoandikwa "Mhandisi Msimamizi" aliandika "Koili", mara kumi, kwa ile kalamu ya wino mzito ya kuandikia vikaratasi. Kosa ni langu. Yeye ni fundi, si mhandisi aliyesajiliwa, na kanuni niliisoma mwaka wa kwanza nikaisahau. Na nilikuwa nimezoea kuona jina lile likitosha, hata halikunishtua mpaka lilipofika kwa mratibu wa mafunzo.

Mratibu alifungua, akacheka, akamwita karani aje aone. "Koili ndiye nani tena? Hili daftari la chuo au la gereji?" Karani alicheka mpaka akajifuta machozi. Damu ilinichemka, Mjomba. Wale wawili, mota ya feni ya ofisini mwao inanguruma na hawajui hata pa kuifungulia. Niliuma ulimi kwa sababu muhuri wa idara unakaa kwenye droo ya yule yule anayecheka.

Alipomaliza kucheka alinisomea kanuni, na hapa usome taratibu. Kanuni inaruhusu. Mhandisi yeyote aliyesajiliwa anaweza kwenda karakanani, akakagua kazi, akanihoji, kisha akasaini alichokiona. Ni siku moja tu.

Nilikupigia pale pale kwenye korido, nikakueleza, nikakuomba hiyo siku moja. Ulinijibu, "Usijali mwanangu, hiyo kazi ndogo, niachie mimi." Nilikushukuru mpaka nikaona haya. Nikakimbia kumwambia Fundi Koili kwamba mjomba anakuja kuona kazi zangu. Habari za kicheko sikumwambia. Alifagia karakana nzima. Aliwapigia wateja wanne wakubali mashine zao zifunguliwe. Jumatano alivaa shati la mikono mirefu, akakungoja. Alhamisi akalivaa tena. Ijumaa kikafika kifurushi.

Nilipokupigia kuuliza, ulisema umebanwa na shughuli, na kwamba mtu mzima hutumia akili. Shughuli gani? Kurasa hamsini, ukurasa kwa kila siku ya kazi, umezijaza kwa mkono! Muda uliotumia kunitungia uongo ungetosha kuja, kukagua, kula chakula cha dada yako na kurudi.

Mimi nadhani hukubanwa na chochote. Fundi Koili aliniambia, tena kwa furaha, kwamba kabla ya chuo ulikaa kwenye kigoda hicho hicho miaka miwili, na kwamba uliunguza mota tatu mfululizo akakutetea kwa wenyewe. Nilipomuuliza binamu yangu kwenye simu, alisema hajawahi kusikia habari hizo, baba yake alitoka shule moja kwa moja akaingia chuo. Unamwonea haya, Mjomba. Umeona heri kudanganya chuo kizima kuliko kushuka kwenye gari mbele ya karakana ile na kumpa mkono. Hilo limeniuma kuliko kicheko cha mratibu, maana yule hamjui, na wewe unamjua.

Halafu huyo msichana wa kwenye daftari lako ni hodari kupita kiasi. Hajakosea hata siku moja. Kesho mtu atamwajiri, atampa transfoma ya kweli yenye nyumba za watu pembeni, kwa sababu karatasi inasema alishawahi. Mimi sitaki kuwa yeye.

Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea madaftari, na mhandisi mwingine wa kumwomba simjui, kwa hiyo nilikwenda kwa karani nikafuta jina langu kwenye orodha ya wahitimu wa mwaka huu. Aliniuliza mara mbili kama nina akili timamu. Nilimwambia nitafanya wiki kumi nyingine mwezi wa sita, mahali penye mhandisi wa kunisimamia, tangu ukurasa wa kwanza. Nilitoka pale nikilia barabarani mchana kweupe, na sikujali nani ananitazama. Mama hajanisemesha tangu siku hiyo. Ananiwekea chakula mezani, anaingia chumbani kwake. Ameshashona na nguo ya mahafali.

Daftari lako limo humu kwenye bahasha. Sijalichana, ingawa mikono iliniwasha.

Nisalimie mkaza mjomba sana, na binamu zangu wote, hasa yule mdogo anayefungua redio za watu. Bibi anasema mguu umepata nafuu na anaulizia picha zenu. Mungu akupe afya, akunyooshee mgongo wako na mambo yako, na hasira yangu isikae sana kati yetu.

Fundi Koili naye anakusalimu. Anaamini ulipata dharura na hakuweka kinyongo. Hajui kwamba wiki zake kumi zimekataliwa. Kila nikipita ananiuliza mahafali ni tarehe ngapi, maana siku hiyo anataka kufunga karakana, jambo ambalo hajalifanya tangu aifungue. Nimejaribu mara tatu kumwambia, nimeshindwa. Mpigie wewe umwambie.

Mpwa wako anayekupenda, hata leo,

Binti wa dada yako