Swichi Chini ya Kiti

Mwenzangu, nilikuwa pale pale uani, na sikuuona mkono wa mdogo wangu ukiingia chini ya kiti cha pikipiki!

Unamjua baba na ufundi wake: hataki hata kumsikia mchumba wa mdogo wangu huyo, eti kijana aliyeharibu pikipiki nzima kwa kuifungia kabureta kubwa hafai kukabidhiwa mtu. Leo kijana amekuja kuomba ridhaa, akanyimwa. Alipotaka kuondoka, pikipiki ikagoma.

"Nilisema mimi! Hiyo si kabureta, ni pipa!" baba akadakia.

Lakini mikono ikamwasha baba. Wakaifungua pamoja, wakaisafisha, wakabishana, wakacheka. Wakacheka, mwenzangu! Baba!

Mwishowe baba akachomoa plagi, akaikuta imelowa. "Petroli inafika. Cheche ndiyo haipo."

Kijana akaganda. Kumbe ameficha swichi ya kukata umeme, kuwakomoa wezi, na anayeijua mwingine ni mdogo wangu tu, ambaye wakati huo alikuwa akiyatazama mawingu kwa makini ya ajabu.

Kijana akaiwasha kimyakimya. "Mzee, hebu piga kiki sasa."

Ikanguruma.

"Umeiona mikono ya baba mkwe wako?" baba akatamba.

Baba mkwe! Kalitamka mwenyewe!

Jikoni nimembana mdogo wangu. "Dada, wasingezungumza vinginevyo," akasema, bila haya.

Posa imekubaliwa.